Hiti si wasomaji: kuhusu skripti ya takwimu kwenye seva ya mbali

Mteja mwingine wa hapa Bukavu ameniandikia akidai kwamba nimeiharibu tovuti ya ushirika wao wa kahawa, kwa kuwa takwimu za zamani zilimwonyesha watu zaidi ya 30,000 kwa mwezi, ilhali skripti mpya niliyomsakinishia inamwonyesha mamia machache tu. Hakuna kilichoharibika, Papa. Hao 30,000 walikuwa hiti, na hiti ni ombi la faili moja lililoifikia seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti.

Usakinishaji wenyewe hauna mengi. Matomo, ndiyo hiyo skripti mpya, inahitaji lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL: unaipakia folda yake kwa FTP, njia ya kuhamishia faili kwenye seva, unaifungua anwani yake katika kivinjari, unajibu maswali, kisha unabandika kipande cha JavaScript, msimbo unaoendeshwa na kivinjari cha msomaji, katika kiolezo cha kurasa. Ikilalamika kwamba haiwezi kuandika katika folda ya tmp, rekebisha ruhusa za folda hiyo, wala usitawanye 777, ruhusa inayomfungulia kila mtu, kila mahali kwa uvivu. AWStats, skripti nyingine ya takwimu, imeandikwa kwa lugha ya Perl, nayo husoma logi, yaani orodha za maombi ambazo seva imekwisha kuziandika. Ukiihariri skripti yake kwenye Windows na kuirudisha ikiwa na alama za mwisho wa mstari za Windows, seva ya Linux itakujibu kwa kosa la 500, yaani hitilafu ya ndani ya seva, nawe utailaumu bure kampuni inayokukodishia nafasi. Katika saa za eneo chagua Africa/Lubumbashi, kwa maana Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja.

Ukurasa wa mwanzo wa ushirika huo ulikuwa na faili moja ya HTML, mbili za CSS, tatu za JavaScript na picha 24 za kahawa, kwa hiyo msomaji mmoja akiufungua kwa mara ya kwanza, logi inaandika mistari 30. Akirudi kesho yake, picha nyingi zinatoka katika akiba ya kivinjari chake, seva haiulizwi kabisa au inajibu 304, yaani faili halijabadilika, na hiti zinapungua ingawa mtu ni yule yule. Nilipoziondoa picha 18, ukurasa ukawa mwepesi kwa mtu wa Kadutu, hapa hapa Bukavu, anayenunua mega kidogo kidogo, na hiti za kila ufunguzi zikashuka hadi 12. Kipimo gani hiki kinachomwadhibu fundi kwa kufanya kazi yake vizuri? Tena, anayetaka hiti nyingi kwa ajili ya kumfurahisha mfadhili anaweza kuikata picha moja vipande kumi, naye atazipata siku hiyo hiyo bila kuongeza hata msomaji mmoja.

Halafu wapo roboti, programu zinazofungua kurasa zenyewe. Googlebot, ile ya Google, hujitambulisha, na AWStats huitenga katika jedwali lake, lakini roboti inayojiita Chrome huhesabiwa kama binadamu. Kipande cha JavaScript huziacha nyingi kati ya hizo, kwa sababu hazikiendeshi, na hapo ndipo sehemu kubwa ya "watu" wa mteja wangu ilipopotelea.

Hata hivyo, sizitetei namba zangu kupita kiasi. JavaScript inamkosa msomaji ambaye mtandao wake umekatika kabla kipande hakijapakuliwa, jambo ambalo hapa kwetu si nadra. AWStats inamtambua mgeni kwa anwani ya IP, kwa hiyo ofisi nzima iliyo nyuma ya Wi-Fi moja ni mgeni mmoja, huku mtu mmoja mwenye simu na kompyuta akiweza kuwa wawili. Anayetumia kivinjari cha Opera Mini naye huja kupitia seva za Opera, na asiposomewa kichwa cha ombi kinachobeba anwani yake halisi, huandikwa kuwa mkazi wa nchi nyingine. Ziara nayo ni makubaliano tu: Matomo kwa kawaida huifunga baada ya dakika 30 za ukimya, AWStats baada ya saa moja, hivyo hazitalingana kamwe, na hakuna fundi atakayekuonyesha ipi ni ya kweli.

Ninachoweza kukitetea mbele ya mfadhili ni kulinganisha mwezi na mwezi kwa skripti ile ile iliyosanidiwa vile vile, pamoja na orodha ya kurasa zilizosomwa. Safu ya hiti siiweki katika ripoti zangu, na anayeitaka ana nywila ya cPanel, paneli ya kusimamia tovuti.