Nyota Ikififia, Si Lazima Iwe Inakufa

Kuanzia Desemba, kundinyota la Jabari likianza kuchomoza mashariki mapema jioni, najua swali la kwanza nitakaloulizwa kando ya darubini. Si pete za Zohali wala mabonde ya Mwezi. "Mwalimu, ile nyota inayokufa ni ipi?" Nimeulizwa na wanafunzi wa kidato cha pili, na walimu wenzangu, na mzee mmoja aliyekuja ufukweni na wajukuu zake. Juzi alikuwa mhandisi, mtu mzima mwenye hesabu zake kichwani, akanishikilia kwamba Betelgeuse "ilishazimika nusu mnamo 2020, imebaki kulipuka tu". Nilimjibu kwa adabu. Hapa mniruhusu niipunguze kidogo adabu hiyo, nijibu dhana tano ninazozisikia mara kwa mara.

"Betelgeuse ilififia kwa sababu inakaribia kulipuka"

Betelgeuse, kwa Kiswahili Ibuti la Jauza, ni jitu kuu jekundu, yaani nyota nyekundu kubwa mno, lililo umbali wa miaka ya nuru kati ya 500 na 700 hivi. Ungeiweka mahali pa Jua, ingemeza Dunia na Mirihi. Kwa kawaida mwangaza wake hucheza karibu na mag 0.5 (mag ni kipimo cha mwangaza wa nyota: namba ikipanda, nyota imefifia). Mwishoni mwa 2019 ulianza kushuka, na kufikia katikati ya Februari 2020 ulikuwa karibu mag 1.6, yaani mwanga uliotufikia ulizidi kidogo tu theluthi ya ule wa kawaida. Kufifia huko kulionekana kwa macho matupu, hata mjini kwenye taa za barabarani. Aprili ikawa imerudia hali yake. Kilicholipuka ni mitandao ya kijamii peke yake.

Waliosoma kwa taa ya chemli hunielewa haraka kuliko vijana. Utambi ukitoa masizi, kioo hushika weusi upande mmoja. Aliyekaa upande huo atalalamika taa inazimika. Wa upande wa pili anaendelea kusoma. Mafuta yamo, utambi unawaka, na masizi hayakuletwa na upepo. Ni ya taa hiyohiyo.

Mwanaastronomia Miguel Montargès na wenzake walikuwa, kwa bahati tu, na picha ya Betelgeuse ya Januari 2019 iliyopigwa kwa darubini ya VLT huko Paranal, Chile. Walipopiga nyingine Desemba 2019, na tena miezi iliyofuata, upande wa kusini wa nyota ulikuwa umeingia giza, kaskazini kukiwa kama kulivyokuwa. Tangu lini taa iliyokwisha mafuta ikazimika upande mmoja? Kabla ya hapo, kati ya Septemba na Novemba 2019, Andrea Dupree alikuwa ameona kwa darubini ya angani ya Hubble, kwenye urujuanimno (mwanga usioonekana kwa macho), gesi nzito ya moto ikitoka upande huohuo wa kusini. Gesi ile ilipofika mbali na uso ikapoa, molekuli zikashikana zikawa chembe za vumbi, na chembe zikasimama kati ya nyota na sisi.

Sisemi ni vumbi peke yake. Sehemu ya uso nayo ilipoa. Daisuke Taniguchi na wenzake huko Japani walichimbua picha za Himawari-8, setilaiti ya hali ya hewa iliyotumwa kutazama mawingu ya Dunia, lakini nyota hujipitia pembeni mwa picha zake bila kualikwa. Kwa hesabu yao, kupoa na vumbi vilichangia karibu sawa kwa sawa. Habari hii huwa nawasimulia wanafunzi wanaodhani bila mashine ya mabilioni hakuna sayansi: picha zilikuwepo siku zote, aliyekosekana ni mtu wa kuzitazama pembeni.

Hapo watu hunitajia methali: dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mvua, sawa. Supanova, yaani mlipuko wa nyota, ya aina hii huanzia ndani kabisa, kiini cha chuma kinapojiporomokea. Hatua ya mwisho kabla ya hapo, ya kuunguza silikoni, huchukua siku chache tu, na uso ulio mamia ya mamilioni ya kilomita juu ya kiini haupati habari yoyote. Vumbi liko nje zaidi ya uso huo. Majitu makuu mekundu hutema gesi na vumbi kwa maelfu na maelfu ya miaka. Ndiyo kawaida yao. Kumwona mmoja akitema leo hakukuambii kitu kuhusu kesho.

Akishashindwa hapo, mbishi wangu huhamia kwenye ngome ya pili: "Ilishalipuka zamani, mwanga ndio haujafika." Tupige hesabu. Makadirio ya wengi ni kwamba nyota hii imebakiwa na miaka kama 100,000. Mwanga wake unachukua miaka kama 600 kufika. Kwa hiyo uwezekano kwamba mlipuko umeshatokea na habari iko njiani ni chini ya moja kwa mia. Mwenye kupenda kubahatisha na aweke pesa yake huko, yangu siiweki.

"Kuna nyota imezungushiwa mitambo ya viumbe wa nje ya Dunia"

Hii ni nyota KIC 8462852 katika kundinyota la Dajaja, iliyopewa umaarufu na Tabetha Boyajian na wapenzi wa nyota waliokuwa wakipekua data za darubini ya angani ya Kepler majumbani kwao. Mwaka 2013 mwanga wake ulishuka kwa asilimia 22 hivi. Sayari kubwa kama Mshtarii ikipita mbele ya Jua hukinga asilimia moja tu, kwa hiyo mshangao ulikuwa wa haki. Mitambo haikuwa ya haki. Kitu kigumu, kiwe mtambo au mlango wa mninga, hukinga rangi zote sawasawa. Nyota hiyo ilipofifia tena mwaka 2017, darubini nyingi zikiwa zimeielekea, buluu ilipungua kuliko nyekundu. Hiyo ni kazi ya vumbi, tena laini mno, chembe zake zikiwa chini ya mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukisikia "vumbi" usifikirie barabara ya changarawe baada ya lori kupita. Fikiria moshi wa sigara, ambao mbele ya kitambaa cheusi una ubuluu.

"Mabaka meusi ya Njia Nyeupe ni matundu"

Si matundu katika Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota za galaksi yetu. Kando ya kundinyota la Salibu kuna baka jeusi ambalo, mwezi wa Mei penye giza kamili, huhitaji darubini kuliona. Hata mwanaastronomia William Herschel aliwahi kuyadhania mabaka ya namna hiyo kuwa mianya mbinguni, kwa hiyo anayeniuliza hilo simchukii. Ni mawingu ya gesi na vumbi yaliyosimama mbele ya nyota za nyuma. Mwaka 1930 Robert Trumpler alionyesha kwamba hata nje ya mabaka hayo vumbi limetanda katika galaksi yetu na linapunguza mwanga wa nyota za mbali. Kuelekea kitovu cha galaksi hali ni mbaya zaidi: kwa mwanga wa macho, hutufikia fotoni (chembe ya mwanga) moja hivi kati ya trilioni. Infraredi, mwanga mwingine usioonekana kwa macho, hupenya, ndiyo maana Reinhard Genzel na Andrea Ghez waliweza kufuatilia nyota zinazozunguka kitovu hicho hadi wakapata Nobeli mwaka 2020.

"Ukungu wa Kilimia ni wingu lililokizaa"

Hili linatoka kwa wenye kamera nzuri. Wazee walikitazama Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kwa ajili ya mvua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Siku hizi hupigwa picha, na picha zinatoa ukungu wa buluu. Nyota zile zina umri wa miaka kama milioni 100. Wingu la kuzaliwa kwao lilishatawanyika kitambo. Huu ukungu ni wa wingu lingine, mpita njia, ambalo nyota hizo zimekutana nalo safarini. Hapa vumbi halifichi bali linaakisi: mwaka 1912 Vesto Slipher alipochanganua mwanga wa ukungu huo, akakuta spektra (mpangilio wa rangi za mwanga) ileile ya nyota zenyewe.

"Betelgeuse ni nyekundu kwa sababu ya vumbi"

Ni nyekundu kwa sababu uso wake una joto la kelvini 3,600 hivi, wakati Jua lina karibu 5,800. Ni kweli vumbi huongeza wekundu wa nyota kwa kula buluu. Lakini halisogezi mistari ya spektra hata kidogo, kwa hiyo tafadhali msiniletee tena kutanuka kwa ulimwengu, ambako ndiko husogeza mistari hiyo, kwenye mjadala huu.

Na kabla hujanipigia simu kwamba imefifia tena, ipime. Huhitaji programu ya simu. Jioni ya Januari tazama mashariki: Betelgeuse ni ile nyekundu iliyo kushoto kwa nyota tatu za mshipi, Rigel ni nyeupe ya kulia kwao. Subiri Jabari lipande vizuri, kwa maana karibu na upeo hewa yetu ya pwani na moshi wa mashamba yanayochomwa huifanya kila nyota ififie na kuwa nyekundu. Nusu ya taarifa ninazoletewa ni moshi. Kisha ilinganishe na jirani zake kwa macho: Aldebaran ina mag 0.85 hivi, Bellatrix, iliyo kwenye bega la pili la Jabari, ina 1.64. Andika tarehe na saa. Ikiizidi Aldebaran, kalale. Ikiwa kati ya hizo mbili, rudia kesho na keshokutwa, maana hata siku zake za kawaida mwangaza wake hupanda na kushuka. Ikilingana na Bellatrix, kama ilivyokuwa Februari 2020, niamshe hata iwe saa nane usiku.