Dakika tatu kando ya mbabula

Wiki iliyopita mama mmoja aliniuliza swali ninaloulizwa karibu kila mwezi: "Dokta, hiyo meditasyo unayosema, si ni mambo ya Wahindi?" (Mimi si daktari, ni mwanasaikolojia. Ila hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukishakaa nyuma ya meza yenye makaratasi wewe ni dokta, na nimeacha kubishana.) Nilimjibu hapana, tukaendelea. Jioni nikiteremka kwenda nyumbani niliona jibu langu lilikuwa la haraka mno, mama wa watu alistahili zaidi.

Sehemu ya tatizo ni neno lenyewe. Parokiani kwetu kutafakari ni kusoma Neno na kulicheua polepole, na hata Biblia inamtaja Isaka akitoka jioni kwenda kondeni kutafakari. Wengine husema taamuli, wengine tahajudi. Na ni kweli, mazoezi mengi tunayoyatumia katika kazi yetu yana mizizi katika Ubudha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliyaingiza katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, akayavua mavazi ya dini na kuyafanya kozi ya wiki 8 kwa watu wenye maumivu yasiyokwisha. Ninachofundisha mimi nakiita kutulia kwa makusudi. Ukitaka kuanza kwa ishara ya msalaba, anza. Ukitaka bismillahi, sawa. Moyo na mapafu havina neno.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Kozi ile ya Massachusetts inadai dakika 45 za mazoezi nyumbani, siku 6 kwa wiki. Nilitoka kwenye mafunzo nikiwa na bidii ya mgeni, nikajipangia nusu saa kila siku saa kumi alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Siku ya kwanza nilisinzia nimekaa. Siku ya pili kanisa la jirani lilifungulia bafle (spika) zake kwa maombi ya asubuhi. Siku ya nne mvua ilipiga mabati nikashindwa kusikia hata mawazo yangu. Siku ya tisa niliacha, na kwa muda mrefu niliendelea kuwashauri watu wafanye jambo ambalo mimi lilinishinda. Aibu yake bado naikumbuka.

Kosa langu lilikuwa kutafuta kimya. Kwenye mlima wa Kadutu, ambako nyumba zimepandana hadi bati la jirani liko chini ya dirisha lako, kimya ni kitu cha kusikia kwa watu wa mtaa wa Muhumba kule kando ya ziwa. Kilichoniokoa ni mbabula, jiko letu la makala, yaani mkaa. Ukishapanga makala, ukawasha, ukapepea, kuna muda ambao huna la kufanya. Sufuria haiwezi kupanda bado, mikono ni mitupu. Muda huo nilikuwa nauua kwa simu. Nikaamua nisiiguse simu mpaka makala yashike.

Hivi ndivyo ninavyofanya. Nakaa kwenye kigoda, hatua chache kutoka kwenye moto, upande ambao moshi hauendi. Na ni nje, tafadhali, si ndani ya nyumba: gesi ya makala haina harufu na inaua. Nyayo zote mbili chini, mgongo umesimama bila kukakamaa, macho yameelekea ardhini. Navuta hewa kwa pua nikihesabu moja hadi nne, naitoa taratibu nikihesabu moja hadi sita. Jumla ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Dakika tatu ni pumzi 18. Nazihesabu kwa vidole, sihitaji saa wala kengele.

Kwa nini kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta? Weka vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono ukijipima polepole. Ukivuta hewa, mapigo yanakimbia kidogo, ukiitoa, yanapungua. Hiyo ni kazi ya neva ya vagasi, inayotoka chini ya ubongo, ikapita shingoni hadi kwenye moyo na tumbo. Wakati wa kutoa hewa inakanyaga breki. Huhitaji kuamini lolote ili ifanye kazi.

Kufikia pumzi ya nne utakuwa umeshaondoka. Utakuwa kwenye minervali (karo) ya mtoto, kwenye bei ya gunia la makala, kwenye neno alilokutupia mawifi Jumapili. Hapo ndipo watu wengi wanasema "mimi sikuumbwa kwa mambo haya" na kuinuka. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard waliwauliza watu wazima wapatao 2,250, kwa simu, saa yoyote ya siku: sasa hivi akili yako iko kwenye unachofanya? Karibu nusu ya muda haikuwepo. Kwa hiyo akili kutoroka si ugonjwa wako. Zoezi ni pale unapogundua kwamba imetoroka, ukairudisha kwenye hesabu, kuanzia moja, kama mbuzi wa kwenye kamba: unamvuta, humpigi. Kuna kijana aliyekuja kwangu amenuna kwa sababu mawazo yalimchukua "labda mara arobaini". Nilimwambia basi amefanya zoezi mara arobaini. Hakufurahi, lakini alirudi wiki iliyofuata.

Kelele nazo zichukulie hivyohivyo. Motari, yule wa pikipiki, akipiga honi, isikilize mpaka ipotee kwenye kona, halafu rudi kwenye hesabu. Ukipigana nayo utachoka bure, na motari hatajua.

Sasa jambo ambalo vitabu vingi vya wanaoanza hulipita haraka. Kuna watu ambao siwaanzishii na pumzi hata kidogo. Mji huu ulitekwa 1996, ukatekwa 2004, ukatekwa tena Februari 2025, na hiyo ni bila kuhesabu yaliyotokea vijijini ambako wengi walikimbia. Kwa mtu aliyebeba hayo, kufunga macho kunaweza kufungua mlango alioufunga kwa nguvu. Mama mmoja aliniambia kwa maneno yake: "Mimi nikifunga macho ndipo vinaanza." Hata kuufuata moyo unavyopiga kunaweza kumtisha, kwa sababu ulipiga hivyo siku ile. Mtu kama huyo naanza naye nje ya mwili. Macho wazi. Nyayo zinasikia udongo. Ataje polepole vitu vitano anavyoviona: bati, kamba ya nguo, kuku, mlango wa buluu, kisigino cha mtoto. Ashike kikombe chenye maji baridi asikie ubaridi wake. Dakika moja yatosha, na akisikia anatetemeka aache, ainuke, azungumze na mtu aliye karibu. Wiki nyingi baadaye ndipo tunagusa pumzi, au hatuigusi.

Na kama usiku ndoto zinakurudisha kule kila mara, au umeanza kufikiri ni afadhali usiwepo, usikae na mbabula peke yako. Mwambie mtu leo. Mwone muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu, au nenda SOSAME, kituo cha afya ya akili cha Ndugu wa Upendo hapa Bukavu. Kutulia si dawa ya hayo. Vilevile hakulipi kodi ya nyumba, na nikisikia mtu anamshauri mwenye njaa apumue vizuri nasikia hasira.

Kuhusu siku ngapi. Zile siku 21 za kujenga desturi mpya zinazozunguka WhatsApp ziache. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijijengea desturi moja mpya. Wastani ulikuwa siku 66 kabla jambo halijaanza kujifanya lenyewe; wa haraka alihitaji 18, na wa taratibu zaidi alikadiriwa 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ndiyo maana silifungi zoezi kwenye saa, nalifunga kwenye makala: siku tunayopika saa sita, nafanya saa sita. Programu za simu zenye sauti za ndege wa msituni sizikatazi, ila zinakula inite za simu, na siku kuran (umeme) haipo na betri imekufa, zoezi nalo limekufa. Wala simwongezei mtu dakika kabla tatu hazijamchosha kwa uchache wake.

Wenye gesi wananiuliza wao wafanye nini, maana moto wao hausubiriwi. Nawapeleka kwenye robine, yaani bomba. Bido (dumu) ya lita 20 kwenye maji yetu haya yanayotoka kama uzi inakupa pumzi 18 na zaidi. Ila hapo macho yabaki wazi kabisa, juu ya bido. Ikijaa wewe bado unahesabu, walio nyuma yako kwenye mstari hawatakuvumilia.