Kwa nini ioni ya bati yenye klorini tatu haikai bapa?

Kloridi ya bati, SnCl₂, ikitiwa katika maji mengi, maji hugeuka meupe kama maziwa. Ikitiwa katika asidi ya hidrokloriki iliyo kali, huyeyuka na kuacha kimiminika angavu. Katika asidi hiyo huchukua kloridi moja zaidi (klorini yenye chaji hasi) na kuwa ioni hasi, yaani chembe yenye chaji hasi, SnCl₃⁻.

Kwa muda mrefu niliamini kuwa ioni hii ni pembetatu bapa, bati likiwa katikati, kama ilivyo molekuli ya BCl₃, yenye boroni moja na klorini tatu. Hoja yangu ilikuwa kwamba atomu tatu zinazokwepana hazina budi kuachana kwa nyuzi 120. Kosa lilikuwa kuhesabu atomu badala ya elektroni. Boroni ina elektroni 3 za nje, na kila klorini huchangia 1, hivyo hupatikana jozi 3 za elektroni, zote zikiwa kazini kushika klorini. Bati lina elektroni 4. Ukiongeza 3 za klorini na 1 inayoletwa na chaji hasi, unapata 8, yaani jozi 4. Jozi tatu huzishika klorini, na ya nne hubaki kwenye bati bila kushika chochote.

Chukua kigoda cha miguu mitatu: kiti chake ni bati, na nyayo za miguu ni klorini. Juu ya kiti amekaa mtu asiyeonekana, ambaye ni ile jozi ya nne, na uzito wake ndio unaoizuia miguu kuinuka na kulala sambamba na kiti. Mfano huu una mipaka yake, kwa kuwa pembe kati ya klorini hukaribia nyuzi 90, pungufu sana ya 109.5 zinazotarajiwa kwa jozi nne zilizo sawa. Katika atomu nzito kama bati, jozi hiyo hukaa karibu na kiini, na klorini hushikwa zaidi na obiti za p (aina mojawapo ya maeneo ambamo elektroni hukaa), ambazo zenyewe zimekaa kwa pembe mraba.

Hata hivyo jozi hiyo haijalala. Kila klorini ina jozi tatu za ziada, na mtu angetarajia kwamba ioni hii ikikutana na platini itaishika kwa klorini. Lakini linaloshika ni bati. Katika ioni nyekundu ya [Pt(SnCl₃)₅]³⁻, mabati matano yameizunguka platini moja, kila moja likiielekezea jozi yake, na klorini zote 15 zimetazama nje.