Ahadi Ndani ya Mfumo: Dhana Potofu Kuhusu Kuchora Mawasiliano ya Biashara

Dhana: Unaposanifu mfumo wa kompyuta wa biashara, ukishachora data inatoka wapi na inakwenda wapi, umeshaichora biashara yenyewe.

Ukweli: Mchoro wa data huonyesha karatasi zinavyotembea. Hauonyeshi nani amejifunga kwa nani. Mwenye duka akimwambia wakala "niletee mifuko 50 ya saruji Ijumaa", hapo ameomba. Wakala akijibu "sawa, utaipata", ameahidi, na ahadi ni deni. Kwamba kusema ni kutenda, mwanafalsafa J. L. Austin alilieleza katika mihadhara yake ya Harvard mwaka 1955. Mwanafalsafa mwenzake John Searle akaipanga upya nadharia hiyo ya matendo ya usemi mwaka 1969, na mwaka 1986 Terry Winograd na Fernando Flores wakaihusisha na usanifu wa kompyuta.

Jan Dietz wa Uholanzi, katika DEMO, mbinu yake ya kuchora biashara kwa kufuata matendo ya usemi, anaugawa kila muamala katika mapatano, utekelezaji na matokeo. Mnunuzi anaomba, muuzaji anaahidi, anatekeleza, anatamka kuwa kazi imekwisha, kisha mnunuzi anakubali. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wasanifu wengi huisahau. Tuseme mifuko 3 kati ya ile 50 imeganda kwa unyevu. Kama oda inafungwa dereva anapobonyeza "imefikishwa", mnunuzi hana pa kuikatalia hiyo 3. Ankara inatoka ya mifuko 50, na ugomvi unahamia kwenye simu, ambako mfumo hauoni kitu.

Dhana: Mfumo wa upande wa pili ukijibu "imepokelewa", oda imekubaliwa.

Ukweli: Kosa hili ni la gharama kubwa. Katika EDIFACT, viwango vya Umoja wa Mataifa vya kubadilishana hati za biashara, oda hutumwa kwa ujumbe wa ORDERS. Jibu la CONTRL husema tu kwamba ujumbe umefika na umeandikwa kwa muundo sahihi au la. Anayekubali, kukataa au kubadilisha oda hutuma ORDRSP. Mzigo ukifika, RECADV ndiyo husema kilichopokelewa na kilichopungua. Kwenye jedwali lako la oda weka safu mbili, hali ya ujumbe na hali ya ahadi, wala usiziunganishe hata kama mteja anataka skrini fupi. Kila badiliko la ahadi liwe na jina la aliyelitamka na saa.

Dhana: Kukataa na kughairi ni hitilafu za kushughulikiwa baadaye.

Ukweli: Ni sehemu ya mazungumzo tangu mwanzo. Katika DEMO, ombi, ahadi, tamko na ukubali vyote vinaweza kutenguliwa, yaani kurudishwa nyuma na aliyevitoa, na upande wa pili una haki ya kuridhia au kugoma. Kwa hiyo kitufe cha "futa" kinachoondoa rekodi ya oda hakifai kabisa: kinafuta deni bila mdai kuulizwa. Ongeza tendo jipya la kutengua, la zamani libaki.

Dhana: Basi kila tendo libonyezewe kitufe.

Ukweli: Hapana. Ahadi nyingi hutolewa kimya. Muuza chai anamimina tu. Mwanaanthropolojia Lucy Suchman aliwahi kuonya kwamba kuwalazimisha watu watangaze aina ya kila kauli yao huwa njia ya kuwadhibiti. Chora matendo yote kwenye modeli, kisha uliza kwa kila moja: likibaki kimya na pande mbili zikapishana kauli, nani atapata hasara? Penye hasara, weka kitufe.