Taa nane za testa hazithibitishi kwamba kebo ni nzima

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye magrupu ya mafundi wa mtandao Arusha na Moshi: usipoteze hela kwenye vifaa, nunua plaizi ya kubana plagi na testa ya taa (kifaa kidogo cha kupima kebo ya mtandao); taa zikiwaka 1 hadi 8 kwa mfuatano, kebo iko sawa, kabidhi kazi.

Si kweli. Testa hiyo inaonyesha tu kwamba kila waya umefika upande wa pili, tena kwenye namba yake. Haipimi kasi wala haijui waya upi umesokotwa na upi.

Hapo ndipo wengi tunapochanganyikiwa. Ndani ya kebo kuna nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili, yaani jozi nne. Fundi akipanga jozi kwa kufuatana, 1-2, 3-4, 5-6, 7-8, pande zote mbili, taa zitawaka vizuri kabisa. Lakini namba 3 na 6 zinapaswa kuwa jozi moja iliyosokotwa pamoja; zikitenganishwa, mawimbi yanaingiliana na intaneti inakwamakwama. Mteja atalaumu ruta, maskini.

Kuhakiki ni rahisi. Tazama plagi ya RJ45, ile ya mwisho wa kebo, klipu ikiwa chini na kebo ikielekea kwako. Kwa T568B, mpangilio mmoja wa kawaida wa rangi za nyaya, kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kisha hamisha faili kubwa kati ya kompyuta mbili, uone kasi halisi.

Testa ya taa usiitupe, inakamata waya uliokatika. Ila ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze.