Uwakilishi wa jimbo katika Kongresi ya Marekani: viti vya Montana

Uwakilishi wa jimbo ni viti ambavyo jimbo moja la Marekani linavyo katika Kongresi, yaani bunge la taifa, pamoja na utaratibu wa kuwapata wanaovikalia. Jimbo hapa ni mojawapo ya yale 50 yanayounda nchi hiyo. Sehemu inayomchagua mbunge mmoja nitaiita eneobunge, tusije tukachanganyikiwa njiani. Viti viko vya aina mbili. Katika Seneti kila jimbo lina viti 2, liwe na watu zaidi ya milioni 39 kama California au wasiofika 600,000 kama Wyoming. Katika Baraza la Wawakilishi kuna viti 435, navyo hugawanywa upya kila baada ya miaka 10, sensa ikishapita, kwa kufuata idadi ya watu.

Kwa hiyo ukiulizwa jimbo fulani lina wabunge wangapi, lazima nawe uulize: mwaka gani? Montana inafaa kulionyesha hilo kuliko majimbo mengi. Iko kaskazini, mpakani na Kanada, ina ukubwa wa kilomita za mraba kama 380,000, magharibi ni milima na migodi, mashariki ni nyika za ng'ombe na ngano. Viti vyake vimepanda, vikashuka, vikapanda tena. Na wakati fulani vilinunuliwa, au angalau kuna aliyejaribu.

Kongresi iliianzisha Montana kama eneo linalotawaliwa kutoka Washington tarehe 26 Mei 1864. Eneo la namna hiyo halikuwa na seneta. Lilipeleka mjumbe mmoja tu katika Baraza la Wawakilishi, mwenye ruhusa ya kuzungumza na kuwasilisha miswada, lakini kura zinapopigwa barazani hahesabiwi. Guam na Puerto Rico ziko katika hali hiyo mpaka leo. Aliyekaa muda mrefu kuliko wote katika nafasi hiyo ya Montana ni Martin Maginnis, 1873 hadi 1885. Likumbuke jina lake, litarudi.

Tarehe 8 Novemba 1889 Montana ikawa jimbo kamili. Thomas Carter, aliyekuwa mjumbe asiye na kura, siku hiyohiyo akageuka kuwa mwakilishi mwenye kura. Upande wa Seneti mambo hayakwenda kirahisi hivyo. Wakati ule wananchi hawakuwachagua maseneta. Kazi hiyo ilikuwa ya bunge la jimbo. Bunge la Montana lilipaswa kukutana Helena, mji mkuu, likagawanyika kwa ugomvi wa kura za kituo kimoja cha wafanyakazi wa reli katika kaunti ya Silver Bow. Kila chama kikafungua kikao chake, kikajiita ndicho halali, kikachagua maseneta wake wawili. Watu wanne wakafika Washington kudai viti viwili. Seneti, iliyokuwa mikononi mwa Republican, ikawapokea Wilbur Sanders na Thomas Power wa chama hichohicho. Wawili wa Democratic waliorudishwa walikuwa Maginnis na William Clark, tajiri wa migodi ya shaba ya Butte.

Clark hakukubali. Januari 1899, bunge la jimbo likiwa linajiandaa kuchagua seneta, mjumbe mmoja, Fred Whiteside, alisimama akaonyesha bahasha zenye dola 30,000, akasema ni hongo ya watu wa Clark. Ungedhani mchezo umeishia hapo. Clark alichaguliwa hata hivyo, akaenda Washington, na kamati ya Seneti ikachunguza ikaona hastahili kiti. Mei 1900 akajiuzulu kabla hajapigiwa kura ya kuondolewa. Ndipo ikaja hila ambayo kwangu ndiyo kiini cha kisa chote: gavana alivutwa nje ya jimbo kwa shughuli California, na alipokuwa huko, naibu wake akamteua Clark kujaza nafasi ambayo Clark mwenyewe alikuwa ameiacha wazi. Gavana aliporudi akafuta uteuzi, akamteua Maginnis. Hakuna aliyekaa. Maginnis akawa amekikosa kiti cha Seneti mara ya pili. Clark, kwa upande wake, alichaguliwa tena na bunge la jimbo mwaka 1901, safari hii akaapishwa, akatumikia miaka sita.

Visa kama hivi, na havikuwa vya Montana peke yake, ndivyo vilivyosukuma Badiliko la 17 la Katiba, lililopitishwa 1913, ambalo liliwapa wananchi kura ya kumchagua seneta wao. Kuhonga bunge la watu wachache kulikuwa na bei inayojulikana. Kuwahonga wapiga kura wa jimbo zima ni kazi nyingine.

Turudi kwa wawakilishi. Montana ilianza na kiti 1. Sensa ya 1910 ilikuta watu 376,053, na kuanzia 1913 jimbo likapata viti 2. Lakini bunge la jimbo lilikuwa bado halijachora mipaka ya maeneobunge, kwa hiyo viti vyote viwili vilichaguliwa na jimbo zima: kila mpiga kura alipiga kura mbili, na wawili wa juu wakapita. Jambo hili linaonekana la kiufundi tu mpaka uone lilimpa nani nafasi. Mwaka 1916 Jeannette Rankin wa Missoula, Republican, alishika nafasi ya pili, akaingia. Akawa mwanamke wa kwanza katika Kongresi, miaka minne kabla wanawake wa Marekani yote hawajahakikishiwa kura; kwao Montana walikuwa wameipata 1914. Siku chache baada ya kuapishwa, Aprili 1917, alikuwa miongoni mwa 50 waliopinga kuingia vitani dhidi ya Ujerumani. Waliounga mkono walikuwa 373.

Halafu mipaka ikachorwa. Jimbo likakatwa vipande viwili, magharibi na mashariki, na Rankin akajikuta katika kipande cha magharibi, pamoja na Butte, ngome ya Democratic. Hakugombea huko. Alijaribu Seneti mwaka 1918 akashindwa. Idadi ya viti haikuwa imebadilika hata kidogo, mstari tu kwenye ramani. Alirudi baada ya zaidi ya miaka ishirini, akishinda eneobunge hilohilo la magharibi katika uchaguzi wa 1940, na tarehe 8 Desemba 1941, kesho yake baada ya Japani kushambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, akapinga kuingia vitani dhidi ya Japani, akiwa peke yake dhidi ya 388. Umati ulimzonga hata akajifungia ndani ya kibanda cha simu mpaka polisi walipokuja kumsindikiza. Mwaka uliofuata hakugombea. Kiti kilichukuliwa na Mike Mansfield, aliyehamia Seneti 1953 na kukiongoza humo chama chenye maseneta wengi kuanzia 1961 hadi 1977, muda ambao hakuna kiongozi mwingine wa nafasi hiyo aliyeufikia. Jimbo dogo kwa watu linaweza kuwa na sauti kubwa namna hiyo, mradi watu wake wakae sana Seneti.

Viti 2 vya Montana vilidumu miaka 80, hadi 1993, matokeo ya sensa ya 1990 yalipoanza kutumika. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Montana ilikuwa imeongezeka, kutoka watu 786,690 mwaka 1980 hadi 799,065. Pamoja na hayo ikapoteza kiti. Sababu ni kwamba jumla ya viti haiongezeki: 435 ilifikiwa 1913, sheria ya 1929 ikaifunga hapo, na tangu hapo imezidi kwa muda mfupi tu Alaska na Hawaii zilipoingia. Jimbo linashindana na mengine. Marekani nzima ilikua kwa karibu asilimia 10 katika miaka ile. Montana haikufika asilimia 2. Ni kama chungu cha wali ambacho hakiongezwi mchele huku wageni wakizidi kufika.

Montana ikaenda mahakamani kupinga kanuni yenyewe. Kanuni inayotumika tangu 1941 inafanya hivi. Kila jimbo hupewa kiti 1 kwanza, kwa kuwa Katiba inataka hivyo. Vinabaki 385. Hivyo hutolewa kimoja kimoja: kwa kila jimbo idadi ya watu hugawanywa kwa namba inayokua kadiri jimbo linavyoomba kiti cha juu zaidi, na jimbo lenye jibu kubwa kwa zamu hiyo ndilo linalochukua. Kwa anayeomba kiti cha pili, unagawanya kwa 1.414, yaani kipeuo cha pili cha 2. Montana ilidai kwamba kwa kanuni nyingine ingebaki na viti 2, huku jimbo la Washington likipata 8 badala ya 9. Mahakama ya chini ilikubali. Mahakama ya Juu, Machi 1992, ilikataa kwa kauli moja: Kongresi ina uhuru wa kuchagua kanuni. Mwaka huohuo wabunge wawili wa Montana, Pat Williams wa magharibi na Ron Marlenee wa mashariki, wakakutana debeni kugombea kiti kimoja kilichobaki. Williams akashinda.

Matokeo yake yalizidi kuwa ya ajabu. Sensa ya 2010 ilikuta Montana ina watu 989,415, wote chini ya mwakilishi mmoja. Hapakuwa na eneobunge lenye watu wengi kuliko hilo nchini. Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote kwa ukubwa, lilikuwa na watu 1,052,567 na viti 2. Mwakilishi mmoja wa Rhode Island alibeba watu karibu nusu ya wale wa mwenzake wa Montana. Siwezi kuiita hiyo haki, lakini hesabu ilikuwa sahihi.

Mwaka 2020 Montana ilikuwa imekua kwa zaidi ya asilimia 9, juu ya wastani wa nchi. Kwa ajili ya kugawa viti huongezwa pia askari na watumishi wa serikali kuu walioko ng'ambo, ikafika 1,085,407. Gawanya kwa 1.414: unapata kama 767,500. Jibu la kiti cha mwisho kabisa kugawanywa, kilichokwenda Minnesota, lilikuwa kama 763,000. Montana ikapita. Ingekuwa na watu pungufu kiasi cha 6,500 hivi, isingepita.

Tume ya watu watano ikachora mipaka upya, magharibi na mashariki kama zamani. Katika uchaguzi wa 2022 magharibi ilimchagua Ryan Zinke, ambaye 2015 hadi 2017 alikuwa mwakilishi pekee wa jimbo, na mashariki ikambakiza Matt Rosendale, aliyekuwa mwakilishi pekee wakati huo. Kiti hicho cha pili kitapigiwa hesabu tena baada ya sensa ya 2030.