Asili ya wapi?

Mmea wa asili wa mahali fulani ni ule uliofika na kuenea hapo bila kuletwa na binadamu, ukakaa na udongo, mvua, wadudu na ndege wa hapo kwa muda mrefu hata vikazoeana. Maana yenyewe ni hiyo tu. Kinachonisukuma kuandika ni lile neno "asili", ambalo tunalibebesha mizigo minne kwa wakati mmoja kisha tunashangaa watu wakikosa kuelewana.

Najitolea katika kikundi kinachokusanya mbegu za miti ya asili, kuotesha miche na kufundisha watoto kwa wakubwa habari za mimea inayowazunguka. Juzi nilikuta kibao kipya kitaluni, kimeandikwa kwa rangi nzuri: MITI YA ASILI. Chini yake ilipangwa miche ya mwarobaini, safu kwa safu, kila mmoja kwenye kiriba chake. Aliyekiandika ni mwenzetu mwenye bidii kuliko wengi wetu. Nilipomuuliza, alijibu bila kusita: "Si ndiyo dawa ya asili?"

Jibu lake lina mantiki, na kosa limejificha ndani ya lugha yenyewe. Neno asili tumelipata kutoka Kiarabu, ambako *asl* ni shina, mzizi, chimbuko la kitu. Tunapomuuliza mtu "asili yako wapi?" bado tunalitumia kwa maana hiyo ya kwanza, na angalia: swali halikamiliki bila "wapi". Lakini neno lilitembea. Nywele za asili ni zile zisizotiwa dawa. Ngoma za asili ni za jadi, tulizorithi kwa wazee. Uoto wa asili ni ule uliojiotea bila kupandwa. Dawa ya asili ni ile itokanayo na mimea, au ile ya jadi, au vyote viwili. Katika matumizi haya yote "wapi" imedondoka njiani na hakuna aliyeiokota.

Kwa hiyo mwarobaini unaweza kutoa dawa ya asili na bado usiwe mti wa asili wa Afrika. Chimbuko lake ni Asia ya Kusini. Hata jina lake la kitaalamu, Azadirachta indica, linaelekeza India. Jina letu linahesabu maradhi arobaini yanayosemwa kutibiwa nao. Halisemi lolote kuhusu ulikotoka.

Ila nisieleweke kwamba majina ya kitaalamu yanamaliza ubishi. Mkwaju unaitwa Tamarindus indica, jina alilolichapisha Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, na "tamarind" lenyewe linatokana na Kiarabu *tamr hindi*, yaani tende ya Kihindi. Majina yote mawili yanaupeleka India, na kweli umekuwa huko kwa muda mrefu sana. Hata hivyo chimbuko la mkwaju ni Afrika ya kitropiki. Miti miwili, "indica" moja, asili mbili tofauti. Nikiwafundisha watoto huwa naiweka miche hiyo bega kwa bega, na hilo huwakaa kichwani kuliko maelezo yangu yote.

Hoja ninayoisikia zaidi kutoka kwa wazee ni ya umri: "Huu ni wa asili, babu yangu aliukuta." Nawaheshimu, na kumbukumbu zao zimetusaidia mara nyingi kujua mti gani ulikuwa unaota wapi. Lakini umri peke yake hautoshi, na anayenisaidia kulieleza hilo ni mkuyu. Chukua tunda lake ulipasue kwa ukucha. Ndani utaona vijiua vidogo vimejipanga ukutani, na ukiwa umebahatika, nyigu wadogo kuliko punje ya mtama wakihangaika kutafuta njia ya kutoka. Mkuyu una nyigu wake maalumu anayeuchavusha. Jike huingia kwa kitundu kilicho kwenye ncha ya tunda, hutaga mayai humo, na katika kuhangaika kwake huacha chavua aliyokuja nayo. Bila nyigu huyo hakuna mbegu. Misri wameupanda mkuyu tangu enzi za mafarao, maelfu ya miaka, lakini nyigu huyo hayupo huko. Mti unastawi, unatoa kivuli, unazaa matunda, ila ndani yake hamna mbegu ya kuota. Wakulima wameuendeleza kwa vipandikizi kizazi baada ya kizazi. Ni mababu wangapi wameukuta pale? Na bado unategemea mkono wa mtu ili upate mtoto. Ninaposema mmea wa asili nina maana ya uhusiano wa namna hiyo: nyigu, ndege, kuvu wa udongoni, majira ya mvua. Huo ndio tunaojaribu kuulinda tunapokwenda kuokota mbegu, maana mti unaweza kuhamishwa kwa siku moja na jamaa zake wote wakabaki nyuma.

Wengine hukimbilia neno "kienyeji" wakidhani ni salama zaidi. Sidhani. Mwenyeji ni mtu aliyezoea mahali, na hata mgeni akikaa vya kutosha huitwa mwenyeji wa mtaa. Neno zuri kwa mmea ulioletwa ukazoea, lakini halitujibu swali la chimbuko.

Kuna na kosa la mpaka wa nchi, na hili hufanywa hata na watu waliosoma. Mti wa Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi, ni wa asili kuanzia Afrika Magharibi hadi upande wa magharibi wa Tanzania, huko Kagera. Ulipopelekwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ulisambaa ndani ya msitu ukisaidiwa na ndege aina ya hondohondo wanaokula matunda yake na kudondosha mbegu mbali. Nchi ni moja, bendera ni moja, na mti ni wa asili Kagera lakini ni mgeni Usambara. Mimea ilitangulia mipaka tuliyoichora.

Mgeni, hata hivyo, si lazima awe mvamizi. Mwembe ni mgeni Afrika na sijawahi kumshauri mtu aukate. Mvamizi ni mgeni anayeenea mwenyewe na kuwanyima wengine nafasi, kama gugumaji la Amerika Kusini lilivyofunika ghuba za Ziwa Victoria. Wapo watu wakisikia tu "si wa asili" huchukua panga. Tafadhali, subirini kwanza.

Nilimweleza mwenzangu haya yote, kwa maneno machache kuliko niliyotumia hapa, tukiwa tumechuchumaa kati ya viriba. Alinyamaza kidogo, akauliza miche itupwe? Hapana. Ni miche mizuri, inavumilia ukame, na watu wanaihitaji kwa kivuli na kwa dawa. Tulichofanya ni kukihamishia kibao upande wa pili, palipo na mikwaju na mikuyu, na yeye mwenyewe akaongeza neno "ZA HAPA" kwa rangi ileile. Nikamwambia taratibu kwamba miti ni "ya hapa". Akacheka, akafuta Z, akaandika Y.